Hajawahi kushika sigara, mbona saratani ya mapafu? Historia ya hoja tunayoirusha kila mjadala

Wadau, leo uzi ni mrefu. Mwenye chai aichemshe kwanza.

Kila mjadala wa kisiasa ukigusa saratani, kuna sentensi mbili lazima zitokee. Mmoja atasema, "Watu waache sigara, saratani itapungua." Wa upande ule mwingine atajibu, "Hewa tunayovuta ndiyo inatuua na mko kimya." Mwendeshaji anaangalia saa, tunaenda matangazo. Nyumbani kila mtu anabaki na upande wake, na asubuhi tunaamka kutukanana hapa.

Sasa, sitaji chama wala mtu. Mkianza kuwataja kwa majibu mtanipata nimenyamaza. Ninachotaka ni kuwaonyesha kwamba haya mabishano ya sigara dhidi ya hewa si yetu, tuliyakuta. Yana zaidi ya miaka 70, na kuna watu waliyatengeneza makusudi. Ukijua yalikotoka, utajua pia wa kumkatiza mtu anapoyatumia vibaya.

Kwanza, kwa nini yatuhusu. Julai 2019 tulizika watu mashuhuri kadhaa waliouawa na saratani, ndani ya wiki chache tu. Mnakumbuka ile hofu. Kila mtu alikuwa na mchawi wake: sukari, dawa za kunyunyizia nyanya, nyama ya buchari, maji ya mfereji. Hewa ilitajwa kidogo sana. Na ukisema saratani ya mapafu, jibu la haraka lilikuwa "hiyo ni ya wavuta sigara".

Haya, tuhesabu wavuta sigara. Utafiti wa kitaifa wa tumbaku wa 2014 uliwapata watu wazima wanaovuta kuwa 7.8%. Wanaume 15.1%. Wanawake 0.8%, yaani hata mmoja kwa mia hafiki. Kwa hivyo ukiuliza habari za saratani ya mapafu kwa asiyevuta, unauliza habari za Wakenya wengi kabisa, na karibu kila mwanamke wa nchi hii. Jambo hilo haliwezi kuwekwa pembeni ati ni la wachache.

Turudi nyuma. London, 1775. Daktari wa upasuaji anayeitwa Percivall Pott anaandika kuhusu wanaume waliokuwa wakisafisha mabomba ya moshi ya nyumba. Kazi hiyo waliianza wakiwa watoto, wembamba wa kuweza kupenya ndani ya bomba. Wakikua, wengi walipata saratani ya ngozi ya korodani. Pott alisema wazi: ni masizi. Hii ndiyo mara ya kwanza daktari anaandika kwamba kitu fulani katika mazingira ya kazi kinaleta saratani. Na kitu chenyewe kilikuwa moshi wa makaa ya mawe uliopoa ukaganda ukutani.

Mnajua sheria yenye meno ya kuwatoa watoto ndani ya mabomba ilipatikana lini Uingereza? 1875. Miaka mia moja kamili. Kati ya hapo kulikuwa na sheria kadhaa za kupendeza ambazo hakuna aliyezisimamia. Wenye nyumba walisema bila watoto mabomba hayatasafishika na nyumba zitaungua. Unaona hiyo hoja? Bado iko hai, imebadilisha nguo tu.

Mwaka 1915 Wajapani wawili, Yamagiwa na Ichikawa, walipaka lami ya makaa kwenye masikio ya sungura kwa miezi mingi mpaka saratani ikatokea. Mwaka 1933 wanasayansi wa London wakachuja lami hiyo na kupata kemikali yenyewe, benzopirini. Hiyo benzopirini hutoka karibu popote kitu kinapoungua vibaya: makaa, dizeli, kuni, takataka, na tumbaku pia. Shikeni hapo kwenye "tumbaku pia", manake ndipo vita vinapoanzia.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, saratani ya mapafu ilikuwa imepanda sana Uingereza na hakuna aliyejua kwa nini. Watafiti wawili wa takwimu na tiba, Richard Doll na Austin Bradford Hill, wakapewa kazi ya kutafuta. Doll mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipoanza alishuku magari na lami ya barabara. Wakahoji wagonjwa katika hospitali 20 za London, na jibu likawa sigara, tena kwa kishindo. Doll aliacha kuvuta kabla hata utafiti haujaisha. Ripoti ilitoka 1950: kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiovuta walikuwa wawili tu.

Wawili! Hakuna anayeweza kubishana na hiyo, na mimi sibishani. Sigara ndiyo muuaji mkuu wa mapafu, huongeza hatari mara 15 hadi 30. Mtu akija hapa chini kusema nimetetea sigara, mrudisheni kwa aya hii.

Lakini ndani ya ripoti ileile kuna mstari ambao watu huuruka. Wanawake wenye saratani ya mapafu walikuwa 60. Wasiovuta kati yao walikuwa 19. Karibu theluthi moja. Ni kweli wengine huenda walivuta moshi wa waume zao, na 60 ni idadi ndogo. Hata hivyo, hao 19 walikuwa swali, na swali hilo liliwekwa rafuni kwa miaka mingi kwa sababu jibu la sigara lilikuwa kubwa mno likafunika kila kitu.

Miaka miwili baadaye London ikanyongwa na hewa yake yenyewe. Ijumaa tarehe 5 Desemba 1952 baridi ilikuwa kali, kila nyumba ikachoma makaa, upepo ukakatika. Moshi ukakaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria hadi tarehe 9. Mabasi yalitangulizwa na mtu anayetembea na taa. Tamthilia ya kuimba ilisimamishwa katikati kwa kuwa moshi uliingia ukumbini na watu hawaoni jukwaa. Cha ajabu, waliogutusha magazeti mapema ni ng'ombe. Kulikuwa na maonyesho ya mifugo pale Earl's Court na wanyama wa bei ghali wakaanza kuhema na kufa. Wazee waliokuwa wakifa vitandani mwao hawakuonekana mpaka majeneza yalipoadimika.

Hesabu ya kwanza ilisema vifo 4,000 vya ziada. Vifo viliendelea kuwa juu hadi miezi ya mwanzo ya 1953, na serikali ikasema hiyo ni homa ya mafua. Uchambuzi wa miaka ya karibuni unakadiria jumla kuwa karibu 12,000. Tofauti ya 8,000 ndiyo waliopewa lawama ya mafua. Sheria ya Hewa Safi ilipita 1956, na ilipita kwa sababu wabunge wa kawaida walisukuma huku serikali ikisitasita kwa miezi mingi ikisema sheria zilizopo zatosha.

Hapo sasa ndipo tunapofika penye utamu.

Kampuni za sigara za Marekani zilikuwa zimebanwa na utafiti wa 1950 na mingine iliyofuata. Januari 1954 zikalipia tangazo kubwa katika magazeti zaidi ya 400, zikisema kwamba saratani ya mapafu ina visababishi vingi vinavyowezekana na kwamba wao wanajali afya za wateja. Kisha zikaunda kamati ya utafiti. Na mojawapo ya visababishi ambavyo upande wao ulivipigia debe kwa miaka ni hewa chafu ya mijini. Yaani wauza sigara wakawa watetezi wakubwa wa hewa safi. Kila daktari akitaja sigara, wao wanataja bomba la kiwanda.

Matokeo yake? Mtafiti mwaminifu aliyetaka kuchunguza hewa alionekana kibaraka wa tumbaku. Percy Stocks na John Campbell walichapisha 1955 utafiti uliolinganisha Liverpool, mji wa bandari uliojaa moshi, na mashamba ya kaskazini mwa Wales. Waliwatenga wasiovuta kabisa wakawaangalia peke yao. Wasiovuta wa Liverpool walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu kuliko wenzao wa mashambani, na hewa ya Liverpool ilikuwa na benzopirini nyingi zaidi. Hiyo ni 1955, jamani! Swali tunalolirusha leo kwenye runinga kama jipya lilikuwa limeulizwa vizuri kabla Kenya haijapata bendera.

Likazama. Sehemu kwa sababu idadi zilikuwa ndogo, sehemu kwa sababu ya kelele za tumbaku.

Miaka ya 1970 watafiti wa Harvard walichagua miji sita ya Marekani, kuanzia Portage huko Wisconsin yenye hewa safi hadi Steubenville, Ohio, mji wa chuma na makaa. Wakaandikisha watu wazima 8,111, wakauliza kila mmoja kuhusu sigara, kazi, elimu na uzito, kisha wakawafuatilia miaka 14 hadi 16 wakihesabu vifo. Ripoti ilitoka 1993. Baada ya kutoa mchango wa sigara na hayo mengine, hatari ya kufa katika mji mchafu zaidi ilikuwa juu kwa 26% kuliko mji safi zaidi, na saratani ya mapafu ilikuwamo katika orodha ya visababishi vya vifo hivyo.

Kilichohusika zaidi ni chembechembe laini zinazoitwa PM2.5. Namba hiyo maana yake upana wake hauzidi mikromita 2.5, na unywele wa mtu una upana wa karibu mara 30 hivi. Vumbi la barabara ya murram unalolifuta usoni ni kubwa, pua hulikamata. Hizi laini hupita hadi vifuko vya mwisho vya pafu. Huzioni. Unaweza kusimama Thika Road asubuhi unaona anga la buluu na bado unazivuta.

Mwaka 1997 Marekani ikataka kuweka kiwango cha kwanza cha kisheria cha PM2.5, mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka. Viwanda vya makaa, mafuta na magari vikapiga kelele. Na mnajua hoja yao mojawapo ilikuwa gani? Ati watafiti hawajatoa sigara vizuri! Ati watu wa miji michafu ni maskini, wanavuta zaidi, ndiyo sababu wanakufa.

Ebu tazama huo mzunguko. 1954 mwenye sigara anasema ni bomba la moshi. 1997 mwenye bomba la moshi anasema ni sigara. Kila mmoja anajificha nyuma ya mwenzake, na katikati kuna mtu anakohoa.

Wakadai pia data ghafi zitolewe hadharani. Harvard wakakataa kwa kuwa waliwaahidi watu 8,111 siri ya habari zao za afya. Suluhu ikawa ni taasisi ya watu wa nje, inayofadhiliwa kwa pamoja na serikali na watengenezaji magari, kupewa kila kitu na kurudia hesabu upya. Walirudia. Mwaka 2000 wakatangaza: matokeo yanasimama. Ukisikia mtu kwenye mjadala akisema "huo utafiti haujawahi kuthibitishwa na mtu huru", huyo ama hajui, ama anajua.

Dawa ya mabishano haya ilikuwa moja tu, na ilikuwa rahisi kuisema, ngumu kuifanya: ondoa wavutaji wote, baki na watu ambao hawajawahi kuvuta maishani, uwafuatilie kwa miaka mingi. Shida ni kwamba wasiovuta huugua saratani ya mapafu mara chache, kwa hivyo unahitaji watu wengi ajabu. Chama cha Saratani cha Marekani kilikuwa na watu hao. Kilikuwa kimeandikisha zaidi ya milioni moja mwaka 1982. Ripoti ya 2011, iliyoongozwa na Michelle Turner, iliwachambua 188,699 ambao hawakuwahi kuvuta, kwa miaka 26 hadi 2008. Waliokufa kwa saratani ya mapafu walikuwa 1,100. Kwa kila ongezeko la mikrogramu 10 za PM2.5, hatari ya kifo hicho ilipanda kwa 15% hadi 27%, kutegemea namna ya kukokotoa.

Hapa hakuna tena sigara ya kulaumu.

Sasa tufanye hesabu kwa uaminifu, manake upande wa "hewa inatuua" nao hupenda kutia chumvi. 1,100 kati ya 188,699 ni kama watu 6 kwa kila 1,000 katika miaka 26. Ongeza 15% hadi 27%, unapata karibu 7. Kwa hivyo mikrogramu 10 za ziada ni kama mtu mmoja zaidi kwa kila elfu. Kwako wewe binafsi ni hatari ndogo, lala usingizi. Ila hewa haichagui elfu moja tu. Sensa ya 2019 iliipa Nairobi watu 4,397,073. Siwezi kuchukua hesabu ya Wamarekani wa umri mkubwa niibandike juu ya mji wenye vijana wengi kama wetu, na yeyote anayefanya hivyo kwenye jukwaa anawadanganya. Nataka tu muone umbo la jambo: hatari ndogo kwa mtu mmoja, mzigo mkubwa kwa mji. Siasa zetu hazijazoea hatari za namna hiyo. Basi likianguka mtoni tunajua la kusema. Watu waliotawanyika kwenye wadi tofauti, miaka tofauti, hawana picha ya kuweka gazetini.

Oktoba 2013 lile shirika la utafiti wa saratani la WHO, lililoko Lyon, Ufaransa, likaiweka hewa chafu ya nje katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Moshi wa dizeli ulikuwa umeingia kundi hilo mwaka mmoja nyuma, Juni 2012, baada ya kukaa kwenye kundi la "huenda" tangu 1988. Walikadiria vifo 223,000 vya saratani ya mapafu duniani kwa mwaka 2010 kutokana na hewa chafu.

Onyo kidogo hapo. Sigara iko kundi hilohilo. Basi utasikia mtu anasema, "WHO wamesema hewa ya Nairobi ni sawa na kuvuta sigara." Hawakusema. Makundi yale hupima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Ni kama kusema kisu na bunduki vyote vimethibitishwa kuua. Kweli, lakini hutavilinganisha kwa nguvu.

Kilichobaki kilikuwa swali la "vipi". Chembechembe zinaingiaje kazini? Jibu zuri kabisa lilipatikana 2022 na kuchapishwa 2023, kutoka Taasisi ya Francis Crick, London. Kwa miaka tulidhani moshi hukata na kuharibu vinasaba moja kwa moja. Watafiti hao walichukua sampuli 295 za mapafu ya kawaida, yasiyo na saratani, na katika 18% wakakuta mabadiliko ya kinasaba kiitwacho EGFR, kile ambacho huonekana sana kwa wagonjwa wasiovuta. Yaani mbegu tunazo wengi wetu, tumezeeka nazo tu, zimelala. Chembechembe za hewa zikiingia, kinga ya mwili inakasirika, inamwaga kemikali ya uvimbe, interlukini-1 beta, na hiyo ndiyo inaiamsha ile mbegu. Kwenye panya, walipoizuia kemikali hiyo, saratani ilipungua. Wazo la hatua mbili, kupanda halafu kuamsha, Isaac Berenblum alilipendekeza 1947. Lilingoja miaka 75 kupata kisa chake cha hewa.

Na linaeleza jambo ambalo mtu yeyote angeuliza: mbona wawili wameishi plot moja, hewa moja, mmoja anaugua?

Turudi nyumbani. Mnakumbuka mwaka 2020 picha za Mlima Kenya zilipoonekana nyuma ya majengo ya Nairobi, na watu wakaapa hapa mtandaoni kwamba zimetengenezwa kwa kompyuta? Wazee wakasema sisi tulikuwa tunauona mlima huo kutoka mtaani. Basi wazee wana ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka huohuo wa 2020 ulichukua rekodi za hali ya hewa za miji mitatu, Nairobi, Kampala na Addis Ababa, ukaangalia kitu kimoja ambacho waangalizi wa viwanja vya ndege huandika kila saa: macho yanafika umbali gani. Kuanzia miaka ya 1970, umbali wa kuona Nairobi ulikuwa umepungua kwa 60%. Kampala 56%. Addis 34%. Hatukuwa na mashine za kupima PM2.5 enzi hizo, lakini kuna mtu alikuwa amesimama uwanjani na daftari.

Kwa hivyo akisimama mwanasiasa aseme "hatuna data za Kenya", anasema nusu ya kweli. Ni kweli hatujafuatilia Wakenya laki moja kwa miaka 26. Mtu wa kuanza hilo leo atapata jibu wajukuu wakiwa wazee. Lakini pafu la mtu wa Steubenville na la mtu wa Embakasi ni pafu. Tulipoondoa risasi kwenye petroli, na Afrika kusini mwa Sahara yote ikawa imeiondoa kufikia Januari 2006, hatukusubiri kwanza kupima akili za watoto wa kila kaunti. Januari 2015 Kenya na majirani wa Afrika Mashariki wakashusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500 hapa kwetu. Sijaona uchumi ulioanguka kwa ajili ya hilo, na sijaona chama kilichojisifia kwa hilo pia. Siasa zetu ni za ajabu, jambo zuri lililofanyika hakuna anayelidai.

Hoja nyingine: "Wazungu walichoma makaa wakatajirika, sasa wanatuzuia." Hii ilivuma sana wakati wa mjadala wa mtambo wa makaa wa Lamu, megawati 1,050, ambao leseni yake ya mazingira ilifutwa na Mahakama ya Mazingira Juni 2019, zaidi kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Naielewa hasira iliyo ndani ya hoja hiyo, na kwenye mambo ya tabianchi ina haki yake. Kwenye mapafu haina. Moshi wa Lamu usingevutwa na Mzungu wa London. Ungevutwa Lamu.

Halafu kuna ile ya jiko. "Tatizo ni kuni na makaa jikoni, si barabara." Moshi wa jikoni ni mbaya kweli, na kule Xuanwei, China, wanawake wasiovuta waliopikia makaa ya mawe ndani ya nyumba walikuwa na viwango vya saratani ya mapafu vya kutisha. Ila moshi wa jikoni hautoki nchini ukishapita dirishani. Mtaa wenye majiko elfu tano ya mkaa una hewa ya nje iliyotengenezwa na majiko elfu tano, pamoja na matatu kuukuu, jenereta, na takataka zinazochomwa usiku wakati hakuna anayeona. Dandora ilifunguliwa 1975, ikatangazwa imejaa 2001, na bado inafuka. Mtu wa hapo hawezi kukuambia huu ni wa ndani na huu ni wa nje.

Sheria tunazo. Kanuni za ubora wa hewa za 2014 ziliweka kikomo cha PM2.5 kuwa mikrogramu 35 kwa wastani wa mwaka. WHO walikuwa wanasema 10 tangu 2005, na mwaka 2021 wakashusha hadi 5. Vipimo vilivyochukuliwa Nairobi kati ya 2008 na 2010, mbali kidogo na barabara kuu, vilitoa wastani wa karibu 21. Linganisheni hizo namba tatu polepole. Kwa kanuni hizo za 2014, 21 ilikuwa halali kabisa. Kwa WHO, ni zaidi ya mara nne ya inavyofaa. Mtu anayekwambia "Nairobi iko ndani ya viwango" na anayekwambia "Nairobi imevuka viwango" wanaweza wote wawili kuwa wakweli, na hapo ndipo muulize: viwango vya nani?

Na kandoni mwa barabara yenyewe hali ni nyingine. Mama mboga, makanga, polisi wa trafiki, wa boda, muuza mahindi choma: hao ofisi yao ni bomba la moshi. Wanafanya saa kumi na mbili, miaka kumi na tano, na wengi wao hasa wanawake hawajawahi kugusa sigara. Mmoja wao akianza kukohoa wiki sita mfululizo, kitu cha kwanza atakachotibiwa ni TB. Inaeleweka, TB tunayo nyingi na lazima ichunguzwe. Tatizo ni pale vipimo vinaposema hakuna TB, anaendelea na dawa hivyohivyo miezi kadhaa, kwa sababu hakuna anayefikiria saratani ya mapafu kwa mwanamke asiyevuta. Akifika kwa mtaalamu, uvimbe umeshasambaa. Kwa hiyo ile sentensi ya "hiyo ni ya wavuta sigara" si maneno matupu ya runinga. Inamfuata mtu hadi chumba cha daktari.

Kitu cha mwisho, cha wale wanaopenda kuuliza "sasa mwananchi afanye nini". Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Wengi mnakijua hicho. Kifungu cha 70 hukijui mpaka wakili akuonyeshe: kinakuruhusu kwenda mahakamani kwa kuvunjwa kwa haki hiyo, na kinasema mlalamishi hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu yeyote amepata hasara au ameumia. Maana yake huhitaji kungoja kuugua, wala kuthibitisha ni bomba lipi lililokupa uvimbe upi, kazi ambayo hata hao wa Harvard hawawezi kukufanyia kwa mgonjwa mmoja. Waliotunga kifungu hicho walijua wanachofanya. Maswali yekeni hapa chini, ya kuhusu kifungu cha 70 nitayajibu kwanza.